Bi Ondina na Mkwe Aliyetoboa Dari

Sogeeni karibu, atakayebaki nyuma hatanisikia vizuri, na habari hii haifai kusikiwa nusu.

Katika mji wetu wa maji, mtu akikuuliza njia ya kwenda baa ya Bi Ondina Zennaro, humwelekezi kwa daraja wala kwa kanisa, maana madaraja ni mengi na makanisa ni mengi zaidi. Unamwambia: fuata watu wenye shingo za upande. Wateja wake tunajulikana. Ukitukuta sokoni Rialto asubuhi tukichagua ngisi, vichwa vimelalia bega la kushoto kama watu wanaosikiliza ukuta, basi ujue jana jioni tulikuwa kwake. Hatukuzaliwa hivyo. Ni dari.

Baa ile ilifunguliwa na babu yake, na siku ya kufunguliwa dari ilikuwa juu kiasi kwamba mtu aliweza kuvaa kofia na bado akaivua kwa madaha kumsalimu mke wa mtu. Kisha yakaja maji ya bamvua. Mfereji ulifura, maji yakaingia bila hodi, yakakaa, yakaondoka yalipotaka. Babu akapanga safu ya matofali juu ya sakafu, akasema sasa tumeyazidi. Yakaja mengine yakamzidi, akapanga safu nyingine. Baba yake Ondina, baada ya yale maji makubwa ya mwaka wa sitini na sita, akamwaga zege juu ya matofali ya babu. Ondina naye aliporithi akatandaza mawe juu ya zege la baba. Kila sakafu ilipopanda, kaunta ilinyanyuliwa, mapipa yakanyanyuliwa, na sisi wateja tukanyanyuliwa. Kitu kimoja tu hakikunyanyuliwa: dari. Kwa sababu dari yetu ni sakafu ya Bi Argia, mjane anayeishi juu, na Bi Argia si mtu wa kunyanyuliwa.

Ondina mwenyewe hakusumbuka. Ni mfupi, mnene wa kiasi, na alizaliwa humo humo chumba cha nyuma siku ya bamvua. Mkunga, kwa kukosa mahali pakavu, alimlaza ndani ya beseni la kuoshea glasi, na beseni likaelea mpaka mlangoni. Baba yake alimkamata kwa mguu kabla hajatoka kwenda mferejini. Tangu siku hiyo, alipenda kusema, hajawahi kuona sababu ya kutoka tena. Akakulia nyuma ya kaunta, akaolewa na muuza makasia aliyekufa mapema, akamzaa binti mmoja, Fosca, na siku zote hizo alikuwa amesimama. Kusimama kwake ni dini. Kwetu divai hunywewa wima, kwenye glasi ndogo tunayoiita kivuli. Usiniulize kwa nini tunaiita hivyo, hata wanaojua hawakubaliani. Unaingia, unakunywa kivuli chako, unakula kababu moja au kipande cha mkate na samaki mkavu aliyepondwa, unatukana hali ya hewa, unatoka, unaingia baa inayofuata. Mwenye kukaa ni mgonjwa au mgeni.

Kiti kilikuwapo, lakini kimoja, pembeni, karibu na pipa. Hicho kilikuwa cha mwenye msiba. Aliyefiwa alikaa pale, nasi tukapita mmoja mmoja kumpa mkono, na Ondina akamletea kivuli bila yeye kusema neno. Hatukuhitaji kuandika kibao. Nani atakaa kiti cha msiba bila msiba?

Ulderico alikaa.

Huyu Ulderico ni mtu wa milimani, fundi wa mapaa, aliyeshuka kuja kutengeneza paa la kanisa letu. Ni mrefu. Sisemi mrefu kama mnara, kwa sababu minara yetu mingi imeinama na yeye hajainama. Jioni moja alipita mlangoni kwetu akiwa amejikunja kama kisu cha mfukoni, akaona hawezi kusimama, akaona kiti, akakaa. Momi, aliyekuwa mchukuzi wa mizigo kwa boti, alivua kofia akaenda kumpa mkono. "Pole sana, kaka." Tita, karani mstaafu wa mahakama, akafuata. "Pole, ndugu. Ndiyo dunia." Mimi pia nilikwenda. Kijana wa watu, kwa adabu ya milimani, akawa anaitikia: "Asante. Asante sana." Akaletewa divai, akanywa. Ndipo Fosca alipotoka jikoni na sahani ya mayai, akamwona, akainama karibu yake.

"Pole, kaka. Kafa nani?"

"Sijui, dada," alisema Ulderico. "Nami nangoja kuambiwa."

Fosca alicheka mpaka mayai yakabingirika chini ya pipa. Na mwanamke akicheka hivyo kwa ajili ya mwanamume mmoja, ninyi wasikilizaji wangu mnajua tayari habari inaelekea wapi.

Ikaelekea huko. Paa la kanisa likaisha, Ulderico hakuondoka. Momi akaanza kumtania: "Zamani watu wa milimani walituteremshia magogo kwa mto, tukajengea mji. Safari hii wametuletea gogo lenye miguu." Ulderico hakukasirika, alicheka akiwa amejikunja pale mlangoni, maana ndani alikuwa haingii tena, kiti sasa alijua ni cha nini.

Taabu ilikuwa kwa Ondina. Magoti yake yalikuwa yamechoka kumbeba, na alitaka kumwachia Fosca ufunguo. Lakini katika nyumba ya Zennaro ufunguo haukabidhiwi kwa mdomo. Anayeoa au kuolewa humo, anayetaka kusimama upande wa ndani wa kaunta, sharti kwanza asimame upande wa nje, wima, anywe kivuli kimoja, na mwenye baa amwangalie machoni anapokunywa. Bibi yake Ondina aliwapitisha wote hapo. Muuza makasia alipita. Ulderico alijaribu mara moja, na dari ikamkunja kiunoni hadi pua yake ikakaribia kugusa kaunta, kama ng'ombe kwenye hori.

"Hapana," Ondina alisema. "Mtu anayeniinamia hivi ama ananiomba ama ananiibia. Huyu simpi baa."

"Basi chimba sakafu, Mama," Fosca akamwambia mbele yetu sote. "Siku hizi kuna milango baharini. King'ora kikilia, wanaifunga, maji yanabaki huko huko. Sakafu yote hii ya nini?"

"Maji hayajafa, mwanangu. Yamelala. Nikichimba yatasikia."

"Mama!"

"Na humo chini yumo babu yako na zege lake, na babu yangu na matofali yake. Sitoi hata tofali."

Fosca akavua aproni, akaikunja taratibu, jambo lililotutisha kuliko kama angeitupa. "Sawa. Ulderico anarudi milimani siku ya Mtakatifu Martino. Akiondoka bila ufunguo, naondoka naye, na baa yako utamwachia paka."

Paka alikuwapo, na alikuwa mfupi vya kutosha. Lakini hakuna aliyecheka. Tulijua Ondina asipompata Fosca, kufikia majira ya kuchipua mlango ule utakuwa duka la vinyago vya kuuzia wageni, kama milango mingine mingi tuliyoizika.

Siku ya Mtakatifu Martino ikafika. Ilikuwa saa ya vivuli vya jioni, kabla ya watu kwenda kula. Tulisimama tumebanana, shingo upande, na Ulderico akaja akiwa amevaa koti lake la Jumapili na sanduku ameliacha nje. Fosca naye alikuwa na sanduku.

"Mama," alisema Ulderico kutoka kiunoni, kwa kuwa hapo ndipo alipokuwa amejikunjia, "naomba nijaribu tena."

"Jaribu," Ondina akasema, akajaza glasi, akamwekea mkononi. "Lakini wima ni wima."

Sasa, dari ile ina maboriti, na kati ya boriti na boriti pana mbao. Ulderico ni fundi wa paa; alitazama juu, akachagua nafasi katikati ya maboriti mawili, karibu na kaunta, akavuta pumzi, akaanza kunyooka. Nadhani alitaka tu kupata ile nafasi ndogo ya ziada. Alinyooka, akanyooka, kichwa kikagusa ubao, na ubao ule, ulioliwa na unyevu wa miaka mingi, ukasema *kra*, na kichwa cha Ulderico hakikuonekana tena.

Vumbi likatua katika glasi zetu. Mbele ya kaunta palikuwa na kiwiliwili kirefu, kimenyooka kama mshumaa, kinaishia shingoni.

"Kaenda wapi?" aliuliza Momi.

"Hajaenda popote," alisema Tita. "Miguu hii hapa."

"Ulderico!" Fosca alipiga kelele. "Uko hai?"

Kiwiliwili kikainua kidole gumba. Mkono wa pili ulikuwa bado umeshika glasi, na hakuna tone lililomwagika. Nilianza kumheshimu.

Yaliyotokea juu ametusimulia Bi Argia mwenyewe, mara nyingi kuliko tulivyoomba, na mengine tuliyasikia wenyewe kupitia ufa. Alikuwa jikoni anakoroga ugali wake wa manjano. Ghafla pembeni ya jiko, kutoka sakafuni, kikachipuka kichwa cha mwanamume, chenye vumbi, na vipande vya ubao vimemzunguka shingo kama kola ya padri.

"Chakula bado," alisema Bi Argia.

"Shikamoo, Bibi. Samahani."

"Wewe ndiye unayenipigia kelele kila jioni?"

"Hapana, Bibi. Mimi ni mkwe."

"Wa nani?"

"Bado haijaamuliwa."

Lazima niwaambie kwamba Bi Argia na Bi Ondina walikuwa hawasemezani. Zamani Bi Argia alipokuwa anadeki, maji yalidondoka kupitia mbao yakaingia katika glasi ya padri. Ondina akasema mbele za watu kwamba maji ya Bi Argia yameharibu divai. Bi Argia akajibu dirishani kwamba divai ndiyo iliyoharibu maji. Kuanzia hapo walizungumza kwa ufagio tu: mmoja anagonga sakafu, mwingine anagonga dari, na ni ubao ule ule.

Huku chini, Tita alikuwa amesimama mbele ya kiwiliwili, mikono nyuma, kama yuko mahakamani. "Sharti linasema mtu asimame ndani ya baa. Miguu iko ndani ya baa. Sharti linasema awe wima. Hebu mtazameni. Kati yetu sote, ni yeye peke yake aliye wima. Kilichobaki ni anywe."

"Anywe vipi?" Momi akauliza. "Glasi iko baa, mdomo uko mtaa mwingine."

Mkono wa Ulderico uliinua glasi, ukapapasa kifua, ukafika shingoni, ukagonga dari. Ukashuka. Ukajaribu tena. Inasikitisha kumwona mtu akiutafuta mdomo wake mwenyewe. Fosca hakuvumilia. Alikimbilia chumba cha nyuma akarudi na ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani, tunaotumia kufyonza divai kutoka kwenye madumu ya kioo, akatia ncha moja ndani ya glasi, akapanda juu ya kiti cha msiba, akaanza kuisukuma ncha nyingine kupitia ufa, kando ya shingo ya mpenzi wake.

Juu tukasikia kishindo cha mwiko. "Nyoka!"

"Si nyoka, Bibi, ni divai."

"Divai ya yule wa chini haiingii jikoni kwangu!"

"Haiingii jikoni, Bibi. Inaingia kwangu."

Nadhani Bi Argia alikuwa anaipima hoja. Tita, huku chini, alitikisa kichwa cha upande kwa kuridhika: "Huyu kijana angefaa mahakamani."

"Anywe basi!" tukasema sote. "Anywe!"

"Asinywe!" Ondina akasema.

Tukamgeukia. Alikuwa ameshika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili. "Sijamwangalia machoni."

Kweli. Na hili halikuwa ukaidi. Kwetu kugonganisha glasi na mtu bila kumtazama machoni ni sawa na kusalimiana na koti lililotundikwa. Macho ya Ulderico yalikuwa kwa Bi Argia. Ondina alitazama kile kiwiliwili, akatazama sanduku la binti yake mlangoni, akatazama dari. Kisha akazunguka kaunta, akapita katikati yetu, akatoka nje, akaingia mlango wa pili, na tukasikia magoti yake yakilalamika kila ngazi.

Akabisha.

"Nani?" aliuliza Bi Argia.

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Wa chini. Fungua, Argia. Kichwa cha mkwe wangu kiko kwako."

"Na miguu ya mgeni wangu iko kwako."

"Basi tuna shida moja."

Mlango ukafunguliwa. Ondina aliingia jikoni ambako hakuwahi kukanyaga, akasimama mbele ya kichwa. Akagundua haoni macho. Anaona utosi tu. Kichwa kilikuwa sakafuni. Ili mtu amwangalie machoni, ilibidi apige magoti, na hata magoti hayakutosha. Bi Ondina Zennaro, aliyesema hataki kuinamiwa, akashuka kwa goti moja, akashuka kwa la pili, akaweka viganja chini, mpaka shavu lake likakaribia kugusa mbao.

"Haya," alisema Bi Argia, mwiko mkononi. "Sasa nani anamwinamia nani?"

"Nyamaza, Argia, nipo kazini." Akamkazia Ulderico macho. "Kijana. Nikikupa ufunguo, utachimba sakafu yangu?"

Fosca, juu ya kile kiti, alishika mpira kwa mikono yote miwili.

"Hapana, Mama," kichwa kikajibu. "Sichimbi. Nitainyanyua ya Bi Argia."

"Nini?" Bi Argia akasema. "Uninyanyue mimi? Nigonge kichwa changu paani?"

"Paa nalo nitalinyanyua, Bibi. Hiyo ndiyo kazi yangu. Tutaweka jeki pembeni, pole pole, kidogo kila siku. Hutajua. Utaona tu kwamba mnara wa kanisa umefupika."

Bi Argia alikoroga ugali mara mbili tatu. "Na jiko langu litazimwa?"

"Halitazimwa."

"Basi ninyanyue. Nimechoka kuwaona majirani kwa kuwatazama juu."

Ondina alibaki pale sakafuni, uso kwa uso na kijana wa milimani. Sijui aliona nini katika macho yake. Yeye anasema aliona vumbi. Lakini alikaa muda mrefu kuliko anavyohitaji mtu kuona vumbi, kisha akagonga ubao kwa kifundo cha kidole, mara moja, na Tita huku chini akaelewa: aligonganisha glasi yake na ile ya kiwiliwili kwa niaba ya mwenye baa. "Afya!" tukapaza sauti. Mpira ukawa mwekundu. Tuliiona divai ikipanda, ikapita dari, na glasi ikapungua, ikapungua, ikaisha. Wima. Ndani ya baa. Akitazamwa machoni.

Ondina akachomoa ufunguo kiunoni. Mikono ya Ulderico ilikuwa chini. Akamwekea ufunguo katikati ya meno.

Kumtoa ilikuwa kazi nyingine. Masikio yalikataa kurudi yalikotoka. Bi Argia alimpaka siagi nyuma ya masikio, akimwambia akae kimya asije akaumeza ufunguo, na Momi nami tukamvuta miguu, mpaka kikasikika kitu kama kizibo kinachotoka chupani na mkwe wetu akatuangukia, amejaa vipande vya mbao na harufu ya ugali. Fosca alimkumbatia akiwa bado sakafuni, mahali pekee ndani ya baa ile ambapo walitoshana urefu.

Ondina alirudi ngazi kwa ngazi. Alipoingia, Fosca alikuwa ameshavaa aproni na kupita upande wa ndani, sanduku amelisukuma chini ya kaunta. Mama alikwenda moja kwa moja mahali pake, akakuta pana mtu. Akasimama. Akageuka. Akaja upande wetu, upande wa nje, akajibana kati yangu na Tita, na hakujua aweke wapi mikono. Mara juu ya kaunta, mara mfukoni, mara akaanza kuifuta kaunta kwa kiganja.

"Nikupe nini, Mama?" aliuliza Fosca.

"Nini?"

"Unakunywa nini? Nyeupe au nyekundu?"

Ondina akaacha kufuta. Akamtazama Momi, kama kwamba Momi ndiye angejua. Hapo ndipo tulipofahamu, sisi wateja wa maisha yake yote, kwamba hatujawahi kumwona akinywa. Kahawa tu, kutoka kikombe kilichovunjika mkono.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Sijawahi kuulizwa."

Fosca akamwekea vivuli viwili, cheupe na chekundu. Tukasogea kumpa nafasi. Ondina akainua cheupe, akaonja, akakunja uso. Akainua chekundu, akaonja, akakiweka chini kwa uangalifu mkubwa. Akatutazama mmoja mmoja, machoni.

"Hii ndiyo mliyokuwa mnakunywa miaka yote hii?"

"Ndiyo, Bi Ondina," tukasema.

"Na hamkusema kitu?"